Kuunganisha Kompyuta Mpakato na Vishikwambi kwenye Meza ya Taa za Jukwaani bila Waya

Fundi taa anayefanya kazi peke yake anaijua adha ya kushuka ngazi, kutembea hadi kwenye meza ya taa, kuwasha taa nyingine moja, kisha kupanda tena ili kuielekeza. Kishikwambi kilichounganishwa na meza huondoa safari hizo, na mwongozaji aliyeketi katikati ya viti akiwa na kompyuta mpakato anaweza kuifuata orodha ya kyu (amri za kubadili taa zilizopangwa kwa zamu) bila kuja kusimama nyuma ya fundi. Mwongozo huu umezingatia mazingira ya Bagamoyo, ambako kikundi kinaweza kufanya onyesho ndani ya ukumbi wa TaSUBa (Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo) leo na kesho kikafanya jingine uwanjani karibu na bahari, tena kwa mitambo iliyokodiwa Dar es Salaam ambayo hakuna ajuaye ilipangwaje katika kazi yake ya mwisho.

Kabla ya kununua chochote, amua ni kazi gani itapita hewani. Msimamo wangu ni kwamba amri za kuidhibiti meza zipite hewani, lakini data inayokwenda kwenye taa zenyewe ibaki kwenye kebo. Yunivasi moja (kundi moja la chaneli) ya DMX, yaani lugha ambayo meza huitumia kuziamuru taa, hubeba chaneli 512, na ikiwa imejaa huweza kutumwa hadi mara 44 kwa sekunde; kwa hiyo yunivasi 10 ni pakiti (vifurushi vidogo vya data) 440 kila sekunde. Itifaki ya sACN, inayopeleka DMX kupitia mtandao, kwa kawaida hutuma pakiti hizo kwa kundi zima la vifaa kwa pamoja, na juu ya Wi-Fi pakiti za namna hiyo hazithibitishwi kupokelewa, tena hutumwa kwa kasi ndogo ili hata kifaa dhaifu kizipate. Matokeo yake ni taa zinazoganda au kurukaruka wakati wa kufifia polepole. Amri ya kishikwambi, kinyume chake, ni ndogo, na ikichelewa kidogo hakuna mtazamaji atakayetambua.

Vifaa vinavyohitajika ni ruta ya kawaida ya Wi-Fi yenye masafa ya GHz 2.4 na GHz 5, swichi ya mtandao, na kebo za mtandao zilizo nzima. Ruta haihitaji intaneti hata kidogo, na ni afadhali isiwe nayo, kwa kuwa mtandao wa taa haupaswi kuchanganywa na mtandao wa ofisi au ule wa wageni. Unganisha meza, vigeuzi vya DMX (vifaa vinavyogeuza data ya mtandao kuwa DMX ya taa) na ruta kwenye swichi. Watu wengi hutumia matundu ya ruta yenyewe kama swichi, na mpangilio huo hufanya kazi hadi siku ruta itakapolazimika kuzimwa na kuwashwa onyesho likiendelea: hapo taa nazo hupoteza mawasiliano na meza. Kebo inayotoka kwenye swichi ichomekwe katika tundu la LAN la ruta, si lile la WAN linalokusudiwa intaneti, kwa sababu ruta huutenga upande huo na vifaa vilivyo kwenye Wi-Fi.

Sehemu inayowatesa watu zaidi ni anwani za IP, nayo inastahili muda wako kuliko nyingine zote. Meza na kishikwambi vitaonana iwapo tu anwani zao ziko katika safu moja. Meza za ETC za familia ya Eos kwa kawaida hutumia anwani zinazoanza na 10.101 pamoja na maski (namba inayoonyesha ni sehemu ipi ya anwani inayotambulisha safu) ya 255.255.0.0, ilhali vifaa vingi vya Art-Net, itifaki nyingine ya kupeleka DMX kupitia mtandao, huanza na 2 au 10 na kutumia maski ya 255.0.0.0. Ruta za dukani, kwa upande wao, huja na anwani kama 192.168.0.1 au 192.168.1.1. Ifuate meza: badilisha anwani ya ruta iingie katika safu ya meza, wala usiibadilishe meza ili kuifuata ruta, kwa sababu vigeuzi na taa huenda tayari vimepangwa kwa safu hiyo. Kwa mfano, ikiwa meza ni 10.101.100.101, ruta inaweza kupewa 10.101.1.1, kisha ikaruhusiwa kugawa anwani kuanzia 10.101.50.1 hadi 10.101.50.50 kwa vishikwambi na kompyuta. Meza yenyewe ibaki na anwani ya kudumu. Hakikisha pia kuwa mgawaji wa anwani ni mmoja tu, kwani baadhi ya meza zina huduma hiyo ndani yake, na wagawaji wawili katika mtandao mmoja huleta vurugu isiyotabirika.

Iwapo meza ina matundu mawili ya mtandao, badala ya kuunganisha vyote kwenye swichi moja tumia moja kwa taa na jingine kwa ruta, kila moja likiwa na safu yake, ili data ya taa isimwagike kwenye Wi-Fi. Ikiwa lipo moja tu, panga Art-Net itume moja kwa moja kwa kila kigeuzi badala ya kutangaza kwa wote. Kwa sACN, tafuta swichi yenye uwezo wa kuchuja pakiti za makundi.

Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, weka nywila ya WPA2 au WPA3 na uzime WPS (njia ya kujiunga bila kuandika nywila). Zima pia kipengele kinachozuia vifaa kuonana, ambacho ruta nyingi hukiwasha kwenye mtandao wa wageni. Masafa ya GHz 2.4 yana chaneli tatu tu zisizoingiliana, yaani 1, 6 na 11, na wakati wa tamasha simu za watazamaji huyajaza upesi. Tumia GHz 5 kwa upana wa MHz 20, kisha uiweke ruta juu ya vichwa vya watu, kwa sababu miili ya binadamu hufyonza mawimbi hayo. Ukumbi mtupu wa asubuhi hautakuonyesha tatizo hilo. Karibu na bahari, kagua vichwa vya kebo mara kwa mara, maana hewa ya chumvi huvila.

Upande wa programu hauna mambo mengi. Meza za Eos hupokea programu ya aRFR kwenye Android na iRFR kwenye vifaa vya Apple, Avolites ina Titan Remote, na grandMA2 na grandMA3 hufunguliwa kwenye kivinjari kwa kuandika anwani ya meza, ambayo kwa grandMA3 hufuatiwa na :8080. Karibu kila mara udhibiti huo lazima uruhusiwe kwanza katika mipangilio ya meza. Kikundi kisicho na meza ya gharama kinaweza kutumia QLC+, programu ya bure: ianzishwe kwa chaguo la -w, kisha kishikwambi kifungue anwani ya kompyuta hiyo ikifuatiwa na :9999.

Kishikwambi kisipoiona meza, soma kwanza anwani kilichopewa. Ikianza na 169.254, hakijapata anwani kutoka kwa ruta, na kosa liko kwenye mgawaji. Ikiwa anwani ni sahihi, tumia kompyuta kutuma amri ya ping, inayouliza kama kifaa kingine kinajibu, kwenda kwenye meza. Jibu likija ilhali programu haifunguki, tatizo ni ruhusa ndani ya meza au toleo la programu lisilolingana na la meza. Kompyuta ya Windows inayoendesha QLC+ yaweza kuwazuia wengine kwa fayawoli yake (ulinzi unaozuia miunganisho kutoka nje), hasa mtandao ukiwa umetambulishwa kuwa wa umma, hivyo ubadilishe uwe wa binafsi. Simu na vishikwambi vyenye laini vina tabia ya kuukimbia mtandao usio na intaneti na kurudi kwenye data ya simu. Zima data hiyo, na kifaa kikiuliza, chagua kubaki kwenye Wi-Fi.

Ruta na swichi ziunganishwe kwenye UPS (kifaa chenye betri ya akiba) ileile ya meza, kwa kuwa umeme wa TANESCO ukikatika na jenereta kushika, ruta isiyo na hifadhi huanza upya. Onyesho likianza, kyu zote zipigwe kwenye meza, na kishikwambi kibaki cha kutazamia tu. Mtandao wa Wi-Fi ukikatika katikati ya onyesho, uache hadi mapumziko.