Usiandike "kicheche" ukaishia hapo

Mwaka juzi niliandika kwenye daftari la kikundi chetu cha wafugaji nyuki, hapa Sikonge: "Kicheche kamaliza mayai ya kuku." Dada mmoja mgeni akalisoma, akamgeukia aliyeleta taarifa. "Shikamoo babu. Alikuwa peke yake?" "Marahaba. Peke yake wapi, mama! Walikuwa kumi na kitu, jua linawaka." Nikaishiwa maneno. Wale walikuwa nguchiro, na katibu mwenye daftari ni mimi.

Siku hizi naandika kwanza jina lilivyotoka mdomoni mwa aliyemwona mnyama, hata likiwa la Kinyamwezi, pamoja na kijiji na saa. Silisahihishi.

Halafu nauliza mistari. Swali hili limeniokoa kuliko mengine yote: inakwenda kwa urefu, kutoka kichwani hadi mkiani, au inakata mgongo kwa upana? Kicheche ni mweusi mwenye mistari minne myeupe ya urefu, mkia wa manyoya tele, na akibanwa anatoa harufu mbaya kupita kiasi. Hutembea usiku. Nguchiro wa makundi mistari yake inakata mgongo, hasa upande wa nyuma. Ukiambiwa ni mwembamba kama nyoka, miguu mifupi, kisogo cheupe, huyo ni chororo. Nyegere hahitaji maswali: juu kijivu, chini mweusi, kucha kama za jembe, na mzinga wako uko chini umepasuka.

Sasa jina la kisayansi. Ni maneno mawili. La kwanza, la jenasi (kundi la wanyama wa karibu sana), huanza kwa herufi kubwa. La pili herufi ndogo, hata likitokana na jina la mahali. Kwenye kompyuta yalaze (italiki), kwa kalamu yapigie mstari chini. Nyegere ni Mellivora capensis. Kwa Kilatini mel ni asali na vorare ni kula kwa pupa. Capensis ni wa Rasi, ile ya Afrika Kusini. Nyegere wetu Rasi hajaiona, lakini jina halibadilishwi kwa sababu hiyo.

Ukikuta Mellivora capensis (Schreber, 1776), usiyaondoe mabano. Ndani yake kuna mtaalamu aliyempa mnyama jina na mwaka, na mabano yanakuambia kwamba Schreber alimpa jina akiwa kwenye jenasi nyingine. Alimweka Viverra, pamoja na fungo! Nilicheka peke yangu, maana hata kosa langu lilipata mwenzake. Mustela nivalis Linnaeus, 1766, yule jamaa mdogo wa kicheche aishiye Ulaya, hana mabano kwa kuwa hajahamishwa jenasi.

Kuhusu familia, yaani ukoo mpana unaokusanya jenasi, nyegere, kicheche (Ictonyx striatus) na chororo (Poecilogale albinucha) ni Mustelidae. Fisi maji wanaoonekana Ziwa Tanganyika nao wamo humo, wala si fisi. Nguchiro ni Herpestidae, na huyo ndiye aliye karibu na fisi kiukoo. Majina yetu yana utani wake.

Usipokuwa na hakika, andika familia tu, uache nafasi.

Ule ukurasa wa mayai sikuuchana. Nimelikata neno "kicheche" kwa mstari mmoja, bado linasomeka, na pembeni nimeandika: nguchiro, Mungos mungo, kaona babu, saa nne asubuhi.