Siki ya viungo ya kunywa: jinsi ya kuitengeneza nyumbani bila kuumiza koo, meno wala tumbo

Hii siki ya viungo naipenda sana na natamani kila mtu aweze kujitengenezea mwenyewe, maana haina ufundi wa ajabu, kazi yenyewe ni kukatakata vitu, kuviloweka kwenye siki, kusubiri wiki tatu mpaka nne halafu unachuja unaweka asali, basi. Ila kuna mambo machache ukiyapuuza unaishia na chupa imejaa ukungu, au unapata kinywaji kizuri kabisa halafu unakinywa vibaya mpaka koo linawaka. Hayo ndo nitayakalia sana hapa.

Kuchanganya siki na asali ni jambo la kale, Wagiriki wa enzi za Hippocrates walikuwa wanaitumia kama dawa. Hii ya sasa yenye vitunguu, tangawizi na pilipili ilienezwa sana na mtaalamu wa mitishamba wa Marekani, Rosemary Gladstar, kuanzia kwenye miaka ya 1980 hivi, yeye aliiita fire cider na akawa anawafundisha watu waitengeneze majumbani kwao. Baadaye kampuni moja ikasajili hilo jina kama alama yake ya biashara, wanamitishamba wakapinga, kesi ikafika mahakamani na mwaka 2019 uamuzi ukatoka kwamba jina ni la wote. Mi naona ilikuwa haki kabisa, resipe ya namna hii kila jiko lina yake.

Tuanze na siki yenyewe. Tumia siki ya tufaha, na usome lebo uhakikishe asidi ni asilimia 5, hiyo namba ina maana kubwa kwasababu asidi ndo inayozuia bakteria wabaya wasiote wakati vitunguu vimekaa humo wiki nzima nzima. Ukiweza pata ile ambayo haijachujwa, ina vitu kama utando au vumbi la kahawia chini, hiyo wanaiita mama wa siki, ni bakteria waliotengeneza siki pamoja na nyuzi zao, haina shida yoyote. Siki nyeupe ya kawaida ya chakula nayo inafanya kazi ila ladha yake inachoma zaidi. Usije ukatumia siki ya kusafishia vyombo na sakafu, na kaa mbali kabisa na zile esensi kali za siki ambazo mtu anatakiwa azimue kwanza ndo atumie, zile zinaunguza koo na tumbo kweli kweli.

Kwa chupa ya kioo ya lita moja yenye mdomo mpana mi naweka hivi: tangawizi mbichi kama gramu 100, kitunguu maji kimoja cha wastani, kitunguu saumu kichwa kimoja kizima, pilipili kali mbili, manjano mbichi kama gramu 50 (kama huna, kijiko kikubwa kimoja cha unga), limau moja na maganda yake, kijiti cha mdalasini, karafuu tano sita na pilipili manga kijiko kimoja cha chai. Resipe ya asili ina mzizi mmoja mkali sana unaoitwa hosiradishi, ukiupata ukwangue kwenye grata kiasi sawa na cha tangawizi uweke, ukiukosa ongeza tangawizi tu maisha yaendelee. Asali bado, usiiweke sasa hivi.

Viungo vikavu kama karafuu usivizidishe. Karafuu ina nguvu kuliko inavyoonekana, ukitupia kiganja kizima utakunywa kitu kinachonukia kliniki ya meno mpaka chupa iishe, wala asali haitakuokoa. Unga wa manjano nao unafanya siki iwe na matope chini hata ukichuja mara tatu, kwahiyo mbichi ni bora, na ile pilipili manga sijaiweka kwa ajili ya ladha peke yake, ina kitu kinaitwa piperini ambacho kinausaidia mwili kufyonza ile kurkumini, yaani kemikali yenye rangi ya njano ya kwenye manjano.

Sasa maandalizi. Osha chupa vizuri, ichemshe kwenye maji dakika 10 halafu iache ikauke kabisa, matone ya maji usiyaache humo. Osha kila kiungo, hasa limau maana linaingia na ganda. Kitunguu saumu kiponde au kikatekate kidogo kidogo halafu kiache kwenye ubao kama dakika 10 kabla hakijakutana na siki, kwasababu ile alisini, ambayo ndo ukali wenyewe wa saumu, inatokea pale unapokipasua, na asidi ikiwahi inausimamisha huo mchakato. Tangawizi na manjano vikune kwenye grata au vikate vipande vyembamba, kumenya sio lazima kama umesugua vizuri. Pilipili vaa glavu jamani, au angalau usijiguse macho baada ya hapo, kunawa mara moja na sabuni hakutoshi. Manjano yanashika rangi kwenye kila kitu, ubao, vidole, kitambaa cheupe, kwahiyo vaa nguo usiyoionea uchungu.

Vyote vitie ndani, vijaze kama nusu ya chupa au zaidi kidogo bila kushindilia, halafu mimina siki mpaka ivifunike kabisa na ipite juu yake kama vidole viwili. Hapa ndo penye siri yote. Kitu chochote kinachochungulia juu ya siki ndo kinachoota ukungu, kwahiyo kandamiza kwa kijiko, toa mapovu ya hewa, na kesho yake angalia tena kwasababu viungo vinakunywa siki na kuvimba, ukikuta imeshuka ongeza. Mfuniko ukiwa wa chuma weka karatasi ya kuokea kati yake na chupa, la sivyo mvuke wa siki unaula ule mfuniko, unapata kutu na kutu inadondokea ndani. Mfuniko wa plastiki hauna hii kero.

Andika tarehe kwenye chupa, iweke kabatini pasipo na jua, na itikise kila siku. Kutikisa sio mapambo, kunalowesha vile vipande vya juu na kunafanya ladha itoke sawasawa. Usiku nikipita jikoni ndo naitikisa, inakuwa mazoea tu.

Ndani ya siku chache unaweza kukuta kitunguu saumu kimegeuka kijani au bluu, na watu wengi hapo ndo wanamwaga chupa nzima, usimwage! Ni kemikali za salfa za kwenye saumu zimekutana na asidi, ni salama kabisa. Utando laini unaoteleza kama jeli, wenye rangi ya maziwa au kahawia, nao ni mama wa siki anajijenga, mtoe au muache. Cha kuogopa ni manyoya: ukiona kitu kikavu chenye nywele nywele juu, cheupe, kijani, cheusi, hiyo ni ukungu, na hapo usikwangue ukajifanya hujaona, mwaga yote uoshe chupa uanze upya. Harufu ya kuoza hivyo hivyo.

Wiki ya tatu ionje, kijiko kimoja kwenye maji. Kama bado inaonja siki tupu iache mpaka ya nne. Halafu weka kitambaa safi juu ya chujio, mimina, na ukamue kitambaa kwa nguvu zote, maana ule utomvu wa mwisho ndo mtamu. Sasa ndo asali, anza na robo kikombe, koroga, onja, ongeza unavyopenda. Kuiweka mwishoni kuna faida mbili, unaonja na kujua unahitaji kiasi gani, na asali yako haibaki kwenye makapi ya vitunguu. Hamishia kwenye chupa safi, iweke kwenye friji, itakaa miezi. Ikijitenga kukawa na mashapo chini tikisa tu.

Kunywa ni kijiko kikubwa kimoja ndani ya glasi nzima ya maji, ya baridi au ya uvuguvugu, pamoja na chakula au baada ya kula. Najua kuna watu wanaipiga kavu kwenye kiglasi kidogo, tafadhali usifanye hivyo, siki kavu inachubua koo na inakula enameli ya meno, yaani lile tabaka gumu la nje, na enameli ikiondoka hairudi. Tumia mrija kama unao, ukimaliza sukutua na maji matupu, na usipige mswaki papo hapo, subiri angalau nusu saa kwasababu jino lililotoka kwenye asidi linakuwa laini kwa muda.

Kuhusu faida niseme ukweli nilivyouelewa. Siki ikiwa pamoja na chakula inapunguza kidogo kasi ya sukari kupanda kwenye damu, tangawizi inasaidia kichefuchefu, pilipili inafungua pua iliyoziba. Haiponyi kisukari, haiyeyushi kitambi, haichukui nafasi ya dawa ulizoandikiwa. Na kuna watu naomba kabisa wamuulize daktari au mfamasia kwanza: anayetumia insulini au vidonge vya sukari, anayetumia dawa za kukojosha au digoxin (dawa ya moyo) kwasababu siki nyingi inaweza kushusha madini ya potasiamu mwilini, anayetumia warfarin au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda maana saumu, tangawizi na manjano vinaweza kuingiliana nayo, mwenye ugonjwa wa figo, na mama mjamzito. Mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia cha mara kwa mara huyu aachane nayo tu. Mtoto chini ya mwaka mmoja asipewe chochote chenye asali, hata tone, kwasababu ya hatari ya botulizimu, ugonjwa wa sumu ya bakteria unaolegeza misuli.

Kama huwezi kusubiri mwezi, pasha siki kwenye sufuria isiyo ya aluminiamu mpaka iwe ya moto bila kuchemka, fungua dirisha maana mvuke wake unakaba, mimina juu ya viungo vilivyokatwa vidogo sana, ikipoa funika, weka kwenye friji, baada ya siku nne tano chuja. Ladha haifiki kina kile ila inanyweka vizuri.

Na yale makapi usiyatupe, toa vijiti vya mdalasini na karafuu, saga yanayobaki na chumvi kidogo, weka kwenye friji, kijiko kimoja kwenye supu au kwenye nyama unayoiloweka kabla ya kuchoma kinatosha, na uyamalize ndani ya wiki moja hivi.