Paka wa ghalani akianza kumaliza bakuli la maji

Ng'ombe akisusa majani asubuhi, mfugaji anajua kabla ya saa nne. Paka anayelinda magunia ya mahindi anaweza kuumwa wiki nzima pasipo mtu kushtuka, kwa sababu paka huficha maumivu. Kwa hiyo, ili ugundue mapema maambukizi ya figo, angalia bakuli lake la maji na mahali anapokojoa.

Maambukizi ya figo mara nyingi huanzia chini: bakteria wa kinyesi, hasa E. koli, hupanda kupitia njia ya mkojo na kibofu mpaka figoni. Paka wazee, wenye kisukari au wenye figo zilizokwisha kuchoka ndio hushikwa zaidi. Utaona anakunywa sana, anakojoa sana, hataki kula, anatapika, amejikunja pembeni. Ukimgusa kiunoni anaguna au anakurushia kucha. Usimpime homa kwa kiganja: joto la kawaida la paka ni kama nyuzi 38 hadi 39, kwa hiyo hata mzima utamwona wa moto.

Dume anayechuchumaa na kujikamua bila tone kutoka, huyo njia imeziba. Mpeleke saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Sasa hili la dawa, maana ndipo tunapowaua wenyewe. Panadoli ni sumu kwa paka, hata kipande cha kidonge. Na ile chupa ya sindano iliyobaki baada ya kumtibu ndama, iache kabatini. Jentamaisini, kwa mfano, dawa ya kuua bakteria, huumiza figo zenyewe unazotaka kuziponya.

Mwombe daktari wa mifugo achukue mkojo kabla ya dozi ya kwanza, ikiwezekana kwa sindano moja kwa moja kibofuni, uoteshwe maabara, yaani bakteria waliomo wakuzwe ili ijulikane dawa ipi itawaua. Dawa ikishaingia mwilini, bakteria huenda wasiote tena, na hapo mtabaki kubahatisha. Matibabu kwa kawaida huchukua siku 10 hadi 14. Paka akirudia kula siku ya tatu, wengi huacha kumpa dawa. Wewe endelea mpaka dozi iishe.

Kama chakula chake ni dagaa wakavu, waloweke au wachemshe, umpe pamoja na supu yake isiyo na chumvi. Maji yakae mbali kidogo na chakula, na yabadilishwe kila siku, si kuongezwa juu ya yale ya jana yenye vumbi la pumba.