Chungu na Daftari Lake: Mwongozo wa Kuhifadhi Nyaraka za Ufinyanzi wa Wanawake Chuoni

Chuo cha wanawake chenye karakana ya ufinyanzi, au kilichowahi kuwa nayo, huwa na hazina mbili ambazo hutenganishwa mapema mno. Vyungu huuzwa au hupangwa kabatini ili wageni wavitazame, na karatasi zinazoeleza jinsi vilivyotokea husukumwa stoo, chini ya viti vilivyovunjika. Mwongozo huu umekusudiwa katibu, mkutubi au mwalimu wa sanaa wa Kisumu, Siaya, Kakamega au Nakuru ambaye amekabidhiwa stoo ya namna hiyo bila bajeti ya maana. Unasisitiza jambo moja kuliko mengine yote: kazi ianze kwa kukiunganisha kila chungu na mwanamke aliyekifinyanga, kwa njia ya namba, kabla ya mtu yeyote kuanza kuzungumzia skana, tovuti au maonyesho.

Faida ya kuanzia hapo inaonekana vizuri katika Chuo cha H. Sophie Newcomb mjini New Orleans, Marekani. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1886 ndani ya Chuo Kikuu cha Tulane, kwa fedha za Josephine Louise Newcomb aliyetaka bintiye marehemu akumbukwe. Karakana yake ya ufinyanzi ilifanya kazi kuanzia 1895 hadi 1940, kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo chini ya uongozi wa Ellsworth Woodward, huku Mary Given Sheerer akiwafundisha wanafunzi kupamba vyombo kwa mimea na miti ya Louisiana. Vyombo vyao vilipata medali ya shaba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, na inakadiriwa kwamba takriban vyombo 70,000 vilitoka katika karakana ile. Ukikipindua kimojawapo, aghalabu utakuta kitakoni herufi N ndani ya herufi C, ambayo ni alama ya chuo. Herufi za jina la mwanamke aliyekipamba. Alama ya mfinyanzi. Na msimbo wa herufi na tarakimu unaomwezesha mtafiti kujua mwaka kilipotengenezwa. Mwaka 2006, baada ya kimbunga Katrina, Newcomb ilikoma kuwa chuo chenye kujitegemea. Nyaraka zake hazikupotea. Zingali Tulane, na kwa sababu alama za vyombo zinasomeka pamoja nazo, wanawake kama Sadie Irvine na Harriet Joor wanatajwa kwa majina yao badala ya kuitwa tu wanafunzi wa zamani.

Mfano huo, hata hivyo, usiigwe kama ulivyo. Newcomb, kwa miaka mingi, mwenye kukiinua chombo kwenye gurudumu alikuwa fundi mwanamume, Joseph Meyer, na wanawake walichora, wakachonga na kutia rangi. Katika Nyanza na Magharibi mwa Kenya mambo ni kinyume, kwa kuwa ufinyanzi wa jadi wa Waluo na Waluhya ni kazi ya wanawake kuanzia udongo hadi moto. Mama huponda udongo, hujenga chungu kwa mikanda ya udongo inayozungushwa juu kwa juu bila gurudumu, hukilainisha kwa kijiwe, hukitia nakshi kwa kuviringisha kamba iliyosokotwa, kisha hukichoma kwenye moto wa wazi wa nyasi na kuni. Chuo kinapoingiza gurudumu na tanuri, kazi hugawanyika, na rejista yenye safu moja tu ya mtengenezaji huanza kudanganya. Weka safu ya aliyeleta udongo na mahali ulikochimbwa, ya aliyefinyanga, ya aliyepamba, na ya aliyechoma pamoja na tarehe ya kuchoma. Mtu mmoja akifanya yote, jina lake liandikwe mara nne. Ni afadhali kurudia kuliko kuacha safu tupu ambayo kesho mtu ataijaza kwa kukisia.

Rejista yenyewe iwe daftari gumu la kushonwa, lenye kurasa zilizotiwa namba, liandikwe kwa penseli au kwa wino usioyeyuka majini. Jedwali la kompyuta ni nakala nzuri ya daftari hilo, ila lisichukue nafasi yake mahali ambapo umeme hukatika na mashine hubadilishwa kila mara. Namba isijaribu kueleza mambo mengi. Mwaka ambao chungu kiliingia katika mkusanyo na nafasi yake katika mwaka huo vinatosha, kwa mfano 2025/14. Wenye kuongeza herufi za aina, za rangi na za kabati hujikuta wakizibadilisha kila kabati linapohamishwa.

Kuiandika namba hiyo kwenye chungu kunahitaji uangalifu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Chungu kilichochomwa kwa moto wa wazi kina vinyweleo, hivyo wino wa kalamu ya kuwekea alama hupenya na kubaki humo daima. Makumbusho hupaka kwanza ukanda mdogo wa vanishi angavu inayoweza kuondolewa kwa asetoni, huandika namba kwa wino juu ya ukanda huo mara unapokauka, kisha hufunika kwa tabaka jingine. Namba ikae karibu na kitako lakini si mahali kinapokalia, kwa sababu hapo itasuguliwa. Asiye na vanishi ya kuaminika afunge kipande cha karatasi ngumu shingoni kwa uzi wa pamba. Nyaya zisitumike, na gundi isitumike kabisa. Wala chungu kisioshwe kabla ya kuandikishwa. Masizi ya nje yanaonyesha kwamba kilipikiwa, utando wa ndani unaweza kuonyesha kilichowekwa humo, na doa jeusi ubavuni huonyesha jinsi kilivyolala motoni. Wasaidizi wenye bidii ya usafi hufuta ushahidi huo wote kwa sabuni na brashi katika alasiri moja, na hushangaa wanapokatazwa.

Baada ya vyungu ni majina, na hapa ndipo penye kazi nzito kuliko zote. Leja ya mauzo inaweza kusema kwamba Atieno alileta mitungi mitatu. Kwa Waluo, Atieno ni binti yeyote aliyezaliwa usiku, na darasani wanaweza kuwa watano. Mwanamke huyohuyo anaweza kuwa na jina la ubatizo katika orodha ya wanafunzi, jina la mume katika barua za baadaye, na kuitwa nyar fulani, yaani binti wa mahali fulani, kwa mahali alikozaliwa, na wenzake wa kikundi. Baada ya kujifungua huitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Hata Newcomb mpambaji aliyeolewa alibadilisha jina huku vyombo vyake vya awali vikibaki na herufi za usichana. Dawa yake ni kadi moja kwa kila mwanamke. Juu ya kadi liandikwe jina ambalo mwenyewe anataka kujulikana kwalo, na chini yake majina mengine yote yalivyoonekana katika nyaraka, kila moja likiambatana na waraka lilipopatikana na mwaka wake. Majina yasiunganishwe kwa sababu tu yanafanana. Kadi mbili za mtu mmoja zinaweza kuunganishwa wakati wowote, lakini watu wawili waliochanganywa katika kadi moja hawatenganishwi kwa urahisi.

Karatasi zenyewe ziachwe katika mpangilio zilimokutwa mpaka mpangilio huo ueleweke. Kabrasha la mwalimu lenye barua ya mnunuzi, kipimo cha mchanganyiko wa udongo na picha ya darasa linaweza kuonekana kama fujo, ilhali huenda mwalimu aliviweka pamoja kwa sababu vyote vinahusu agizo moja. Ukivisambaza katika mafungu ya barua, vipimo na picha, uhusiano huo umekwisha. Vilevile nyaraka za chuo zisichanganywe na za kikundi cha wanawake kilichotumia karakana hiyohiyo; asili mbili ni mikusanyo miwili, hata kama kabati ni moja. Kila kabrasha likishaeleweka, liandikiwe maelezo mafupi. Kiwango cha Baraza la Kimataifa la Nyaraka kinahesabu mambo sita kuwa ya lazima ili taasisi ziweze kubadilishana maelezo: namba ya rejea, kichwa, aliyeziunda, tarehe, ukubwa wa mkusanyo na ngazi ya maelezo, yaani kama yanahusu mkusanyo mzima, kabrasha au waraka mmoja. Hayo sita yakikamilika kwa makabrasha yote, una orodha inayotumika, na mengine yanaweza kusubiri.

Usidharau karatasi ndogo. Daftari la majaribio ya moto, lenye mistari kama vile udongo wa mtoni umepasuka ila uliochanganywa na vigae vilivyopondwa umestahimili, lina thamani kuliko hotuba kumi za siku ya mahafali. Vipande vya udongo vilivyochomwa kwa majaribio vihifadhiwe pamoja na daftari lake, kwa namba zilezile. Risiti za mashine zilizochapishwa kwa joto hufifia haraka, kwa hiyo zitolewe nakala siku zinapopatikana. Kwa mauzo ya tangu 2007, taarifa za M-Pesa za mweka hazina ni nyaraka halali za karakana. Ziombwe kwa idhini yake, na namba za simu za wanunuzi zifichwe kabla ya msomaji yeyote kuziona.

Adui mkubwa wa karatasi kando ya ziwa ni unyevu, hasa wakati wa mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, na nyuma yake wako mchwa, mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokula gundi ya majalada. Chagua chumba kisichopakana na choo wala jiko, kisichopigwa na jua la alasiri. Rafu ziwe za chuma, ziinuliwe angalau sentimita 15 kutoka sakafuni na zisiguse ukuta, ili njia ya mchwa ionekane mapema. Kipimo cha unyevu cha bei nafuu kisomwe kila asubuhi na namba iandikwe. Ikizidi asilimia 65 kwa siku kadhaa, kuvu hupata nafasi, na feni pamoja na madirisha yanayofunguliwa saa za ukavu husaidia kuliko kemikali. Mitego ya gundi itegwe pembeni na ikaguliwe kila wiki. Kabrasha lenye kuvu litengwe kwanza katika mfuko, kisha likaushwe mahali penye hewa mbali na mengine. Kulipangusa likiwa bichi ni kuipaka kuvu kurasa zote. Pini, klipu za chuma na mipira ya kufungia karatasi ziondolewe kwa mkono mtulivu. Selotepu isigusishwe karatasi yoyote, na kulaminisha ni kuharibu, hata kama duka la mtaani husifia kazi hiyo.

Picha zina masharti yake. Ziwekwe katika bahasha za karatasi zisizo na asidi au za poliesta, si katika albamu zenye kurasa za kunata. Negativu zenye harufu kali ya siki zimeanza kuoza, na gesi yake huambukiza jirani zake, hivyo zitengwe na ziskaniwe mwanzo. Skani picha kwa pikseli 600 kwa inchi na hati za kawaida kwa 300, uhifadhi faili kuu katika umbo la TIFF na kutoa JPEG kwa matumizi ya kila siku. Ziwepo nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa nje ya chuo. Wahitimu wakikutumia picha za zamani kwa WhatsApp, waombe wazitume kama hati badala ya picha, maana zikitumwa kwa njia ya kawaida hubanwa na maandishi yaliyo nyuma ya watu hayasomeki tena. Chungu chenyewe kipigwe picha kikiwa na rula kando yake, kutoka ubavuni, kutoka juu na kitakoni.

Yasiyoandikwa popote yamo vichwani mwa wafinyanzi, na hayo hukusanywa kwa mahojiano. Mahojiano yafanyike kwa lugha anayoitumia mama akiwa kazini, iwe Dholuo, Luisukha au Kiswahili, na yakiwezekana yafanyike mikono yake ikiwa kwenye udongo, kwa kuwa maswali mengi ya mezani hupata majibu ya heshima tu. Kabla ya kurekodi, aelezwe sauti itawekwa wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kuzuia sehemu yoyote. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inadai ridhaa iliyo wazi, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Tamaduni ya mwaka 2016 inatambua haki za jamii juu ya ujuzi wake. Kuna vyungu vya matambiko ambavyo utengenezaji wake hausimuliwi kwa kila mtu, na mama akisema sehemu hiyo ibaki kwa wakwe na mabinti, iandikwe katika orodha kwamba ipo na imefungwa, bila maelezo zaidi.

Hatimaye andaa meza ya msomaji. Iwe na penseli badala ya kalamu, kabrasha moja kwa wakati, na mto mdogo wa kukalishia chungu. Msomaji akioneshwa chombo, akishike kwa mikono miwili, mmoja chini ya kitako na mwingine tumboni, kamwe asikinyanyue kwa mdomo wala kwa mpini. Nakala ya orodha nzima ipelekwe Makumbusho ya Kisumu na tawi la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa lililo karibu nawe, ikiambatana na jina la cheo cha mwenye ufunguo wa chumba, si jina la mtu, kwa kuwa walimu huhamishwa.