Somo: Kusajili sampuli za miamba kwenye SESAR, hatua kwa hatua, kwa mfano wa lava ya Ol Doinyo Lengai

Niliwahi kufungua sanduku la mbao kwenye stoo ya maabara moja. Ndani mlikuwa na mifuko 40 ya mawe yaliyokatwa vizuri na kupangwa kwa uangalifu, lakini kwenye mifuko 31 wino ulikuwa umefutika kabisa. Aliyeyakusanya alishatangulia mbele ya haki, na daftari lake halikuonekana popote. Mtu alipanda milima, akabeba mzigo mgongoni na akatumia fedha za watu, na mwisho wa yote yamebaki mawe ambayo hakuna mwanajiolojia anayeweza kuyasemea neno. Roho iliniuma sana siku ile, na ndiyo sababu naandika somo hili.

SESAR ni hifadhidata ya kusajili sampuli za dunia: miamba, madini, mashapo, udongo, maji. Inaendeshwa kutoka Lamont-Doherty Earth Observatory ya Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani. Ukisajili sampuli, inapewa namba iitwayo IGSN, ambayo haitapewa sampuli nyingine yoyote duniani. Jina ulilolipa wewe, mfano LEN-1, huenda watu kumi wamelitumia kabla yako kwa mawe ya nchi kumi tofauti. Tangu makubaliano na shirika la DataCite mwaka 2021, namba hizi husajiliwa kama DOI, yaani vitambulisho vya kudumu vya mtandaoni, kama zile za makala za kisayansi, kwa hiyo anayeibofya anafika moja kwa moja kwenye ukurasa wa sampuli yako.

Nimechagua Lengai, mlima wa kaskazini mwa Tanzania, kwa mfano kwa sababu mlima huu haumsamehi mzembe. Ndiyo volkano hai pekee inayojulikana duniani kutoa lava ya natrokabonatiti, yenye sodiamu nyingi na silika kidogo mno. Inatoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, nusu tu ya joto la lava ya kawaida, na ikipoa inakuwa nyeusi kama lami. Halafu inavuta unyevu wa hewa, na ndani ya saa au siku chache inageuka kijivu na kisha nyeupe. Madini yake mawili makuu, nyerereiti (lililopewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere) na gregoriti, yanaharibika na nafasi yake inachukuliwa na chumvi nyingine. Kwa hiyo mtu akikuletea kipande cheupe akakuambia tu "lava ya Lengai", bado hajakuambia kitu. Ilitoka lini? Ilikaa wazi muda gani? Ilifungwa ndani ya nini?

Hatua ya 1: Andika ukiwa uwandani

Hifadhidata haiwezi kujua usichokiandika. Ukiwa palepale kwenye mwamba, kabla hujanyanyua nyundo mara ya pili, andika jina la sampuli, tarehe, saa, majiranukta kutoka GPS, mwinuko, nani ameichukua, na imechukuliwaje: imebanduliwa kwenye mwamba wenyewe au imeokotwa ikiwa imeporomoka. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linalomsumbua anayekuja baadaye.

Kwa lava ya Lengai ongeza rangi yake ulipoikuta na dakika zilizopita mpaka ukaifunga kwenye chombo kisichopitisha hewa. Usiioshe wala usiikate kwa msumeno wa maji, kwani itayeyuka. Jina liandike kwenye mfuko kwa kalamu isiyofutika, kisha uliandike tena kwenye karatasi kwa penseli na kuitumbukiza ndani, ikiwa kwenye kimfuko chake. Penseli haififii kama wino.

Hatua ya 2: Akaunti

Fungua kwanza ORCID, kitambulisho cha mtafiti, ni bure. Kina tarakimu 16 na kinakufuata hata ukibadili chuo au jina la ukoo. Kisha ingia SESAR na uombe msimbo wa mtumiaji, yaani zile herufi chache zinazotangulia kwenye namba zako. Kama ni mradi wa watu wengi, ombeni msimbo wa mradi. Nimeona sampuli zimekwama kwa sababu zilisajiliwa kwa akaunti ya mwanafunzi aliyeshahitimu na kuondoka.

Hatua ya 3: Kiolezo cha jedwali

Sampuli mbili tatu zijaze kwenye fomu ya mtandaoni. Zikiwa nyingi, pakua kiolezo cha Excel, kijaze taratibu nje ya mtandao, kisha ukipakie kwa mara moja.

Excel ina tabia ya kujifanya inajua. Una sampuli ya Marangu uliyoiita MAR-12? Itaigeuza kuwa tarehe 12 Machi. Una 5E03? Itaisoma kama namba 5000. Kabla hujaandika chochote, chagua safu nzima ya majina na uiweke katika hali ya maandishi. Ukichelewa, kurudisha jina la awali ni kazi, kwa sababu Excel imeshahifadhi namba na si herufi zako. Tarehe ziandike kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, mfano 2023-08-04, maana 04/08 kwetu ni Agosti na kwa Mmarekani ni Aprili.

Kwenye aina ya kitu chagua sampuli moja inayojitegemea, kwenye aina ya dutu chagua mwamba, na kwenye uainishaji shuka mpaka mwamba wa moto wa kivolkano. Kama huna hakika na jina la mwamba, ishia ngazi uliyo na hakika nayo. Ni afadhali "mwamba wa kivolkano" ulio sahihi kuliko "fonoliti" (aina moja tu ya mwamba huo) ya kubahatisha, kwa sababu ya kubahatisha itanakiliwa na wengine mpaka igeuke ukweli.

Hatua ya 4: Mahali

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa makosa mengi ninayoyaona yako hapa.

SESAR inataka latitudo na longitudo kwa desimali, kwa WGS84, yaani mfumo wa majiranukta unaotumiwa na GPS. Kilele cha Lengai kiko karibu na -2.764, 35.914. Sisi tulio kusini ya ikweta latitudo yetu ina alama ya kutoa. Ukiisahau, lava yako inahamia Turkana, kusini mashariki ya Lodwar. Ukigeuza, ukaweka longitudo mahali pa latitudo, inazama Bahari ya Mediterania kati ya Hispania na Moroko.

Kosa la tatu ni gumu kuliona. GPS yako inaonyesha nyuzi 2, dakika 45, sekunde 50, nawe unaandika 2.4550. Dakika si sehemu ya mia. Gawa 45 kwa 60, gawa 50 kwa 3600, jumlisha na 2, unapata 2.7639. Ukiandika 2.4550 umeipeleka sampuli kilomita 34 kaskazini, upande wa Ziwa Natron, na kwa kuwa ziwa liko jirani hakuna atakayeshtuka.

Desimali nne zinakupa usahihi wa mita 11 hivi, tano zinakupa mita moja. GPS ya mkononi haistahili desimali nane, hata kama Excel inazionyesha.

Ukimaliza, chomeka majiranukta yote kwenye ramani ya mtandaoni utazame kwa macho yako. Ni kazi ya dakika tano. Usiiruke.

Hatua ya 5: Mama na watoto

Jiwe moja huzaa vitu vingi: bapa jembamba la kutazama kwa hadubini, unga wa kupimia kemia, punje za madini zilizochambuliwa. Kila kimoja kinaweza kupata IGSN yake, na kwenye ukurasa wake unajaza IGSN ya jiwe mama. Usiandike "angalia LEN-1". Weka namba kamili, ndiyo inayojenga kiungo.

Kwa unga, eleza ulisagwa kwa kinu gani. Kinu cha tungsteni kabaidi huacha tungsteni na kobalti ndani ya unga, na asiyejua atadhani mwamba wenyewe una kobalti nyingi.

Hatua ya 6: Matokeo ya maabara yana nyumba nyingine

SESAR inatunza maelezo ya sampuli, haitunzi vipimo vyake vya kemia. Vipimo vinapelekwa kwenye hifadhi ya data kama EarthChem Library, ambako jedwali lako linapewa DOI yake, na ndani ya jedwali unaweka safu ya IGSN. Hapo ndipo jiwe na namba zake vinapounganika.

Kwenye jedwali hilo, oksidi kuu ziwe kwa asilimia ya uzito na elementi adimu kwa ppm (sehemu kwa milioni). Taja kama chuma chote kimeandikwa kama FeO au kama Fe2O3, kwa sababu tofauti ni mara 1.11 na inatosha kuharibu hesabu ya mtu. Weka pia matokeo ya jiwe rejea, lile ambalo kemia yake inajulikana tayari, mliyopima siku hiyohiyo, kwa mfano BHVO-2, basalti ya Hawaii inayosambazwa na USGS, shirika la jiolojia la Marekani. Hilo ndilo linalomwezesha msomaji kuiamini maabara yenu hata kama hajawahi kuisikia.

Maswali karibuni.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanafunzi wa shahada ya pili, Dodoma: Shikamoo mwalimu. Nimeachiwa sampuli za miaka ya themanini. Daftari lina namba za gridi kutoka ramani ya 1:50,000 tu. Nizigeuze moja kwa moja?

Jibu: Marahaba. Hapana, usigeuze kabla hujasoma pembezoni mwa ramani. Ramani zetu za zamani, na za Kenya pia, zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960. Ukizichukulia kana kwamba ni WGS84 utakosea kwa takriban mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini. Kwenye programu ya ramani ya QGIS chagua Arc 1960 UTM kwanza, halafu ndipo ubadilishe. Angalia na kanda ya gridi ya UTM: magharibi ya longitudo 36 ni 36S, mashariki ni 37S, na Lengai iko chini ya kilomita 10 tu kutoka mpaka huo. Kisha kwenye maelezo andika wazi kwamba mahali pamesomwa kwenye ramani na si kwa GPS. Hongera kwa kuzikumbuka hizo sampuli.

Mchimbaji, Chunya: Mimi nina mawe ya dhahabu. Nikiweka majiranukta si nawaita watu waje?

Jibu: Kaka, wasiwasi wako ni wa haki. Unaweza kupanga tarehe ya kuachia taarifa, kabla ya hapo hazionekani hadharani. Lakini kama eneo lina leseni, pata kwanza ridhaa ya mwenye leseni kwa maandishi. Kama hamjakubaliana, usisajili.

Fundi maabara, Eldoret: Maabara imenipa "<0.05". Wenzangu wanaweka sifuri. Ni sawa?

Jibu: Si sawa. Sifuri ni kipimo, na "<0.05" ni kusema kifaa hakikufika huko. Ziache kama zilivyo au fuata alama iliyoelekezwa kwenye kiolezo, na utaje kikomo cha kifaa kwenye mstari wake. Kisanduku kitupu nacho kina maana yake: kwamba hamkupima.

Mwanachama, Goma: Aksanti sana kwa somo. Sisi tulichukua lava ya Nyiragongo ya Mei 2021, mimi na mwenzangu, kwenye mtiririko mmoja. Tutumie namba moja? Na umeme kwetu unakatika kila wakati.

Jibu: Karibu sana. Namba ni ya jiwe lenyewe, si ya mtiririko, kwa hiyo kila kipande kiwe na yake, hata kama vilikuwa hatua moja kutoka kimoja hadi kingine. Kwenye maelezo andikeni wote jina lilelile la mtiririko na tarehe ya mlipuko, 22 Mei 2021, ili usichanganywe na ule wa Januari 2002. Kuhusu umeme, kiolezo kinajazwa nje ya mtandao. Mkipata mtandao, pakieni sampuli ishirini ishirini.

Mwanachama, Arusha: Mawe yetu mengi yako Ulaya na Marekani. Tunasajili ili nani afaidike?

Jibu: Swali hili naliheshimu. Kuna sehemu ya kuandika sampuli inatunzwa wapi sasa, mpaka chuo na kabati. Ijaze kila mara, na kwenye maelezo ongeza namba ya kibali cha utafiti cha COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania) na ya kibali cha kusafirisha. Chukua lava ya Lengai iliyokusanywa kabla ya Septemba 2007. Mwezi ule mlima ulianza kulipuka kwa majivu, na ile kasoko iliyokuwa imejaa lava mpaka ukingoni ikageuka shimo. Lava ya juu ya sakafu ya kasoko ile hatuwezi kwenda kuichukua tena. Mwanafunzi wa Dar es Salaam akitaka kuisoma leo, ni lazima ajue iko kwenye kabati gani ili aandike barua ya kuiomba, na bila usajili hana pa kuanzia.

Mwanachama, Mwanza: Mwalimu, nimeshasajili 12 jana, na leo nimegundua sikuweka alama ya kutoa. Nifute nianze upya?

Jibu: Usifute. Namba ikishatoka imetoka, na ukisajili upya jiwe moja litakuwa na namba mbili. Ingia kwenye akaunti, fungua sampuli moja moja, rekebisha latitudo, hifadhi. Namba inabaki ileile.

Mwanachama, Mwanza: Nimemaliza, na nimezitazama kwenye ramani. Zote 12 zimerudi Lengai.

Jibu: Safi sana. Sasa kama kuna uliyemtumia jedwali la jana, mwandikie naye, umpe hilo la leo.