Nywele zinapukutika tangu uache nyama? Anzia hapa kabla hujarudi buchani

Mi niliacha nyama mwezi wa pili baada ya semina ya afya kanisani (sisi Wasabato, kwahiyo hakuna aliyeshangaa sana), mwezi wa sita msusi wangu akanishika kichwa akaniuliza, "Dada, huku mbele mbona pamefunguka hivi, umejifungua?" Sikuwa nimejifungua. Bafuni nlikua naona nywele zinajikusanya kwenye tundu la maji mpaka unazivuta kama katani, ila nlikua najidanganya kwamba ni zile rasta nilizosuka zilikua nzito. Shangazi yangu ndo alifurahi, si nilikwambia, mtu mzima unaishije kwa majani kama mbuzi, kula hata dagaa basi. Maana huku kwetu ukisema huli nyama swali la kwanza ni "hata kuku?" na la pili ni dagaa.

Sijarudi kwenye nyama mpaka leo na nywele zimerudi, ila imenila karibu mwaka mzima na hela niliyochoma bure. Kwahiyo nakupa njia niliyopita, ukiruka makosa yangu utawahi kufika.

Kwanza jua zinatoka au zinakatika. Chukua nywele chache kwenye kitana uziangalie kwenye mwanga. Zikiwa na kitone cheupe mwishoni basi zimetoka na mzizi, zikiwa vipande vipande vya urefu tofauti bila kile kitone basi zinakatika njiani, na hapo kosa ni dawa ya kulainisha, pasi, ukavu, au mkono wa msusi, chakula usikisingizie. Kupoteza nywele 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida ya binadamu, na kama umesuka wiki 6 ukifumua utaona mzigo mkubwa ambao kwa kweli ni za wiki 6 zote zimekwama humo, usipige kelele. Njia nyingine, shika kishungi cha nywele kama 50 au 60 karibu na ngozi, vuta taratibu mpaka mwisho, zikikubakia mkononi zaidi ya 5 au 6 na sehemu zingine za kichwa hali ni hiyohiyo, basi kweli zinapukutika.

Alafu hesabu kurudi nyuma. Hiki kitu nlikielewa nikiwa nimechelewa. Unywele hauanguki siku ile mwili unapata shida, unaingia kwanza kwenye mapumziko, ndo unaanguka miezi 2 au 3 baadae. Kwahiyo nywele zinazoanguka leo zinakusimulia habari za miezi mitatu iliyopita. Ulikua na nini kipindi hicho? Malaria kali, taifodi, kujifungua, upasuaji, msiba mzito, au ulikonda kilo 8 kwa mwezi kwa sababu uliacha nyama na wanga na chakula cha usiku kwa pamoja kama wengi wanavyofanya? Vyote hivyo vinaangusha nywele hata ungekua unakula ng'ombe mzima. Kwangu hesabu iliangukia sawasawa kwenye mwezi niliobadilisha sahani, na nikikumbuka ile sahani naona aibu: ugali mchicha, wali mchicha, chips na kachumbari, maharage labda mara mbili kwa wiki, na chai ya rangi vikombe vinne kwa siku. Yaani nyama niliitoa, badala yake sikuweka kitu.

Sasa nenda kapime, na hapa uwe king'ang'anizi. Mi mara ya kwanza nlipimwa wingi wa damu tu, ikasoma 12.1, nikaambiwa damu yako nzuri mama nenda kapunguze mawazo. Miezi miwili baadae daktari mwingine akaandika kipimo cha ferritini, hiyo ndo akiba ya madini chuma mwilini, ikatoka 9. Ni kama mtu mwenye hela ya kula leo mfukoni ila benki hana kitu, ukimwangalia huwezi kujua. Mwili ukiona akiba inaisha unapeleka chuma kwenye damu kwanza, nywele baadae, maana bila nywele mtu anaishi. Chini ya 15 kwa mtu mzima ni upungufu hata kama damu inasoma vizuri, na madaktari wengi wa ngozi wakitaka nywele zirudi wanapenda ifike angalau 40 hivi. Kama una mafua au homa siku hiyo kapime siku nyingine au uwaambie, maana ugonjwa unaipandisha ferritini kwa uongo. Ukiwa hapohapo omba na vitamini B12 na kipimo cha tezi ya shingo, thairodi.

Kuna dalili unaweza kuziona hata kabla ya maabara. Unatafuna mchele mbichi? Unanunua udongo sokoni, ule wa Pemba, unasema ni hamu tu? Barafu unazitafuna kama karanga? Sisi wanawake tunachekana kwa hili ila mara nyingi ni mwili unadai chuma, na udongo wenyewe ukishaingia tumboni unazidi kukizuia kile kidogo ulichokula. Mi nlikua na kopo la mchele ofisini kwenye droo, nilidhani nina mimba ya miujiza. Pia kama hedhi yako ni nzito, unabadilisha pedi kila saa moja au mbili, sema kwa daktari, na kama ni mtu wa shamba unatembea peku uliza habari za minyoo ya safura, hao wanafyonza damu kimyakimya, utakula dengu mpaka uchoke na akiba haijai.

Sasa chakula. Nianze na chai maana najua hapa nitagombana na watu. Chuma cha kwenye nyama mwili unakidaka kirahisi, cha kwenye maharage na majani mwili unakipata kwa shida, na chai ukiinywa na chakula inakizuia zaidi ya nusu. Chai ya maziwa vilevile. Sasa fikiria asubuhi yetu, chapati maharage na chai, pale maharage umeyala kwa ajili ya kushiba tu. Sisemi uache chai, hata mi sijaacha, mi nimezaliwa Njombe chai ipo kwenye damu, isogeze tu saa moja mbele au nyuma ya chakula. Kahawa vilevile.

Mahali pa chai weka kitu kichachu. Kamulia ndimu kwenye maharage yakishaiva, kula kachumbari yenye nyanya na pilipili hoho mbichi, chungwa au pera baada ya kula, juisi ya embe mbichi, ubuyu. Vitamini C inaweza kufanya chuma cha mimea kiingie mara mbili hata tatu zaidi, na ni kitu cha shilingi mia mbili sokoni. Ndimu iingie mwisho, ukiichemsha na maharage saa mbili vitamini nyingi inaharibiwa na moto.

Maharage, kunde, choroko, mbaazi, dengu, njugu mawe, yaloweke usiku kucha na yale maji uyamwage, yanapungua vile vitu vinavyong'ang'ania chuma na zinki, na tumbo nalo halitakupigia ngoma. Choroko ukiziacha zichipue kidogo kwenye kitambaa chenye unyevu ndo bora zaidi. Ulezi nao bibi zetu walikua wanajua, unga unachanganywa na maji unakaa siku moja au mbili unachachuka ndo unapikwa uji, sisi tukaona ni ushamba tukahamia uji wa fasta, kumbe kule kuchachuka ndo kunakoachia chuma. Ukiwa na kikaango cha chuma cha zamani kipikie nyanya na mchicha humo, sufuria zetu za alumini haziongezi kitu. Na unga wa sembe angalia pakiti kama umeongezewa virutubishi, mingine siku hizi inaongezewa chuma, zinki na B12.

Mchicha na matembele vile tuviheshimu ila tusivipe kazi isiyo yao. Watu wengi wakiambiwa hawana damu wanakula mchicha mpaka meno yanakua kijani. Ni mboga nzuri, ina foliki, ina vitamini A, ila chuma chake mwili unapata kidogo, na protini ni kidogo.

Na protini ndo shimo langu lilikokua. Unywele wenyewe karibu wote ni protini. Mtu mwenye kilo 60 anahitaji kama gramu 48 kwa siku, sisi wa mimea ni afadhali tufike 60. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina kama 15, glasi ya maziwa 8, yai moja 6, konzi ya karanga 7. Vile vipande vya soya vikavu vya dukani, gramu 50 vinakupa kama 25, viloweke maji ya moto uvikamue kabisa kama nguo ndo uvikaange na vitunguu na tangawizi, usipovikamua vinanuka kama karatasi iliyolowa, nakwambia kwa uzoefu. Siku yangu ya kawaida sasaivi: asubuhi uji wa ulezi wenye karanga za kusaga na mayai mawili, mchana wali na kikombe kizima cha maharage (sio mchuzi wa maharage!) na kachumbari yenye ndimu, saa kumi chai yangu kwa raha zangu, jioni ugali na soya au dengu na majani, mbegu za maboga au ufuta natafuna katikati kwa ajili ya zinki. Na nakula nishibe. Ukipunguza chakula kwa nguvu ili ukonde, hata protini ikiwepo mwili unaichoma kama kuni.

B12 haipo kwenye mimea, mtu asikudanganye na majani gani sijui. Ukila mayai na maziwa kila siku unaweza kufikia ile maikrogramu 2.4, kama huli kabisa kitu cha mnyama basi vidonge au chakula kilichoongezewa B12 ni lazima, hili halina mjadala, na sio kwa ajili ya nywele tu, B12 ikiisha ganzi inaanza miguuni na kusahau kunafuata.

Vidonge vingine nenda navyo taratibu. Kosa langu kubwa lilikua hapa, duka moja la dawa liliniuzia kopo la pipi za nywele za bayotini (vitamini B7), elfu 65, nimekula miezi miwili nikapata kucha ndefu na mfuko mtupu. Upungufu wa bayotini ni nadra sana kwa mtu anayekula kawaida, na tena zile dozi kubwa zinaweza kuvuruga majibu ya maabara, hasa ya thairodi, kwahiyo zisimamishe siku kadhaa kabla ya kipimo na umwambie daktari. Vitamini A na seleniamu ukizidisha zenyewe ndo zinaangusha nywele, unakuta mtu anameza makopo matatu tofauti yote yana vitamini A anashangaa kichwa kinazidi kung'aa.

Fefo vile vidonge vya wajawazito vinaongeza chuma kweli, ila usimeze bila kipimo, chuma kikizidi mwilini hakina mlango wa kutokea. Mi nilipangiwa siku moja nameza siku moja naacha, pamoja na maji ya chungwa, mbali na chai na maziwa. Choo kitakua cheusi, usiogope, na kitakua kigumu, kula papai. Na viweke juu kabisa wasikofika watoto, vinafanana na pipi na mtoto akimeza vingi anaweza kufa.

Wakati huo kichwa nacho kipumzishe. Hakuna maharage yatakayoshinda rasta zilizovutwa mpaka macho yamepanda juu. Ukisukwa ukaona vipele vidogo kwenye mistari au ukalala na panadol, fumua, usisubiri "zitalegea". Mafuta ya nyonyo, ya nazi, maji ya kitunguu, paka kama unapenda, mafuta yanaweza kusaidia zisikatike, ila ferritini hayapandishi.

Usiendelee kujitibu na chakula kama zinanyonyoka kwa duara, au utosini pamekua laini panang'aa na panawasha au kuuma, au una mapunye, au mwanaume zinarudi nyuma kwenye paji kama za baba yako. Hizo zina dawa zake na zingine ukichelewa kovu likishajifunga nywele hairudi tena, tafuta daktari wa ngozi.

Kusubiri ndo kugumu. Unywele unakua kama sentimita moja kwa mwezi, kwahiyo ukirekebisha leo zitaendelea kuanguka wiki kadhaa, zitapungua baada ya miezi mitatu hivi, na utaanza kuona tofauti baada ya miezi sita huko. Mi nlikua napiga picha ya mstari wa katikati kila tarehe mosi, sehemu ileile, dirishani, maana kioo cha kila siku kinadanganya. Ferritini nlirudia baada ya miezi mitatu ikawa 24, baadae 47. Vikaota vinywele vifupi mbele vimesimama wima kama nyasi za vuli, msusi anataka kuvilaza na jeli na brashi ngumu kila nikikaa kwenye kiti, namwambia viache hivyohivyo.