Kulipia Kadi ya Mkopo ya Duka Bila Kutozwa Faini ya Kuchelewa

Ingawa kadi hubeba jina la duka, mara nyingi anayekudai ni benki iliyoitoa. Kwa hiyo soma taarifa ya akaunti ujue malipo yanapelekwa kwa nani. Taarifa hiyo huonyesha deni lote, kiwango cha chini cha kulipa na tarehe ya mwisho. Ukilipa kiwango cha chini kwa wakati unaepuka faini, lakini riba huendelea kupanda juu ya deni lililobaki.

Usisubiri siku ya mwisho, kwa sababu fedha zinazotoka benki nyingine huweza kuchukua siku kadhaa, na kinachohesabiwa ni siku zinapopokelewa. Njia salama zaidi, kwa maoni yangu, ni kuagiza benki yako ikate kiwango cha chini yenyewe kila mwezi, kisha uongeze kadiri unavyoweza. Kurudisha bidhaa dukani hupunguza deni, ila kwa kawaida hakuhesabiwi kuwa malipo ya mwezi.

Jihadhari hasa na ofa ya miezi 12 bila riba, kwani katika mikataba mingi ya aina hiyo, kikibaki hata kiasi kidogo muda unapokwisha, riba yote hudaiwa tangu siku uliyonunua. Kama deni ni 600, lipa 50 kila mwezi, hata kama taarifa inadai 25 tu.

Ukichelewa, lipa siku hiyohiyo, kisha piga simu uombe faini ifutwe; mteja ambaye hajawahi kuchelewa husikilizwa mara nyingi.